Kwa Nini Saratani Hushindana na Dawa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Nilipoipata barua ya mwaliko nilisita kidogo. Kwa desturi msemaji wa siku hii huwa ni mtu mwenye cheo, naye huwaeleza vijana jinsi alivyopanda kutoka dawati la nyuma hadi ofisi yenye zulia. Mimi ni mtumishi wa Serikali wa kawaida. Kazi yangu ni mipango, na sehemu kubwa ya siku zangu hupita katika majalada na majedwali. Lakini Chuo Kikuu nilisomea elimu ya viumbe na kemia, na mapenzi ya masomo hayo niliyapata hapa hapa, katika ile maabara iliyo nyuma ya bweni la pili. Naona imepigwa rangi mpya, ila mlango wake bado haufungi sawasawa. (Kicheko.)

Leo nataka kueleza jambo moja la kisayansi: kwa nini ugonjwa wa saratani, ambao mara nyingi huonekana umeshindwa na dawa, huweza kurudi na kuikataa dawa ile ile. Nina sababu yangu ya kuchagua jambo hili, nami sitaificha.

Wenzangu wa mwaka wangu watakumbuka somo la yai. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe aliingia darasani na yai moja alilolinunua kwa pesa yake. Akamimina ute wake katika neli ya kioo, akaitia neli katika maji, akawasha jiko la spiriti na kumkabidhi mmoja wetu kipimajoto. Nyuzi 40, ute bado ni maji. Nyuzi 50, bado. Zilipopita 60, ute ukaanza kuwa mweupe, ukaganda. Mwalimu akazima moto, akaacha maji yapoe, akauliza: "Nani atanirudishia ute wangu?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Basi kumbukeni kwamba nanyi mmejaa ute wa namna hiyo."

Alikuwa anasema kweli. Mwili umejengwa kwa seli, na kazi karibu zote za seli hufanywa na protini. Protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa namna maalumu, na kazi yake hutegemea mkunjo huo, kama ufunguo unavyotegemea meno yake. Joto likizidi, uzi hukunjuka, ukanatana na nyuzi nyingine, na hapo ndipo ute wa yai huganda. Joto si adui pekee. Ukosefu wa hewa ya oksijeni, ukosefu wa sukari, sumu, mionzi, vyote huweza kuukunjua uzi huo.

Sasa swali ambalo hatukumwuliza mwalimu siku ile ni hili: kama protini ni dhaifu hivyo, mbona mtu mwenye homa kali haivi kama yai?

Jibu lilianza kupatikana kwa bahati. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Mtaliano aitwaye Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wadogo wa matunda. Siku moja mwenzake alipandisha joto la sanduku walimowekwa nzi hao. Ritossa alipotazama katika darubini aliona sehemu za kromosomu zimefura mahali ambapo hazikuwa zimefura kabla, ishara kwamba jeni za hapo zimeamka na kuanza kazi. Aliandika habari hiyo, na jarida moja kubwa likaikataa kwa kuiona haina maana. Ikatolewa kwingine mwaka 1962. Miaka 12 ilipita. Mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake wakaonyesha kwamba nzi waliopashwa joto hutengeneza protini maalumu. Zikaitwa protini za mshtuko wa joto. Baadaye ilionekana kwamba si joto tu linaloziamsha, bali kila shida inayoiharibu seli, na kwamba zimo katika viumbe vya kila namna, tangu bakteria mpaka mwanadamu. Kwa hiyo huitwa pia protini za dhiki.

Naomba hapa niondoe makosa mapema. Dhiki ninayoisema si ile ya karo, madeni au mtihani wa kidato cha nne. Ni dhiki ya seli. Mtu akija kuwauzia unga wa kuondoa protini za dhiki kwa kuwatuliza mawazo, mwambieni arudi akasome.

Kazi ya protini hizi ni nini? Wanasayansi wa Uingereza walizipa jina la yule mama mtu mzima ambaye zamani, kwa desturi zao, alifuatana na binti katika karamu ili asije akakutana na watu wasiomfaa. Sisi hatuna haja ya kuazima. Sisi tuna kungwi. Kungwi humshika mwali mkono, humfunza, humzuia asiharibikiwe kabla ya wakati, na kazi ikiisha hujitenga, ndoa si yake. Protini hizi ni makungwi wa seli. Uzi mpya unapotengenezwa, huushika ukunjwe sawasawa. Uzi uliokunjuka huukunja upya. Uliokwisha natana na wengine, mara nyingine huufungua. Na ule usiofaa tena huupeleka kwenye mtambo wa kuuvunja ili vijenzi vyake vitumike upya.

Makungwi hao huitwa kwa namba zitokanazo na uzito wao: kuna wa 27, wa 60, wa 70, wa 90, na wengineo. Huyu wa 90 ni mwingi ajabu. Hata katika seli isiyo na shida yoyote, yeye peke yake ni kama asilimia 1 au 2 ya protini zote.

Tusiwaone wabaya. Bila wao tusingekuwapo. Lakini hawachagui bwana wa kumtumikia. Kijidudu cha malaria kinapotoka katika mwili wa mbu, ambao joto lake ni la hewa ya nje, na kuingia katika damu yetu yenye nyuzi 37, hutegemea makungwi wake mwenyewe kuvumilia mabadiliko hayo, na baadaye homa zetu. Na seli ya saratani hali kadhalika.

Hapa ndipo nilipoahidi kuwaeleza sababu yangu.

Nilikuwa na dada mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenilipia nauli ya kuja hapa kidato cha kwanza, na sanduku langu la bati lilikuwa lake. Alipopata uvimbe katika titi alikaa nao miezi mingi bila kusema, kwa aibu. Alipokwenda hospitali alifanyiwa upasuaji, kisha akapewa dawa kwa njia ya mshipa, mizunguko kadhaa. Mojawapo ilikuwa dawa nyekundu kama sharubati, iitwayo dokisorubisini. Nywele zilimtoka, akafunga kilemba, akaendelea. Baada ya hapo vipimo vikawa vizuri. Akarudi kufundisha. Nywele zikaota, laini kama za mtoto. Tulichinja mbuzi.

Mwaka wa tatu ugonjwa ukarudi, safari hii katika mifupa na ini. Alipewa tena dawa, na safari hii haikufua dafu.

Ukoo ulikaa kikao. Hoja iliyotolewa na wazee ilikuwa rahisi, na kwa asiyejua inaonekana ina mantiki: ugonjwa uliokwisha pona haurudi wenyewe, lazima umerudishwa. Na dawa iliyofaa jana haiwezi kukosa kufaa leo, lazima imefungwa. Basi akatafutwa aliyeirudisha. Tulikuwa na shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, aliyekaa katika chumba cha uani. Mtu mmoja akakumbuka kwamba shangazi alikuwa amempelekea dada kikapu cha maembe wiki chache kabla. Ikatosha. Kisha mzee mmoja akanigeukia mimi, msomi wa ukoo, akauliza: "Nawe unasemaje?"

Ndugu zangu, nilikuwa na shahada ya elimu ya viumbe. Nikajibu, "Wazee wamekwisha sema."

Shangazi alifungasha vitu vyake kesho yake, akaenda kuishi kwa wajomba zake. Dada alifariki miezi minne baadaye. Shangazi hakuruhusiwa kuja kuzika.

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu swali nililolikwepa siku ile. Jibu ambalo ningepaswa kulitoa kwenye kikao kile nalitoa leo, nanyi mtanisamehe kwa kuchelewa.

Ugonjwa uliokwisha pona haukurudi. Ulikuwa haujaisha. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya haragwe una seli kwa mamilioni mengi. Dawa ikiua karibu zote na kuacha chache, hakuna jicho wala mkono utakaozigundua. Vipimo vitakuwa vizuri, mbuzi atachinjwa, na hizo chache zitakuwapo. Na hizo zilizobaki aghalabu ndizo zilizokuwa na namna ya kuivumilia dawa. Zikizaana, watoto wao hurithi namna hiyo. Uvimbe wa pili unaweza kuwa na sura ya ule wa kwanza, lakini umetokana na wale walioshinda vita ya kwanza.

Zinaivumiliaje dawa? Ziko njia nyingi. Seli nyingine zina pampu za kuitoa dawa nje. Nyingine hutengeneza haraka uharibifu uliofanywa na dawa. Na njia mojawapo kubwa ni makungwi wetu hawa. Nitaeleza kwa mafungu manne.

Kwanza, seli ya saratani huishi katika dhiki tangu siku yake ya kwanza. Hukua haraka kuliko mishipa ya damu inavyoweza kuilisha, kwa hiyo ndani ya uvimbe hewa ni haba, sukari ni haba, na tindikali ni nyingi. Seli ya kawaida katika hali hiyo ingekufa. Ya saratani huongeza makungwi wake. Matokeo yake ni kwamba dawa inapoingia humkuta adui amekwisha jenga ngome, ingawa ngome hiyo hakuijenga kwa ajili ya dawa.

Pili, saratani husukumwa na protini zilizoharibika ambazo huamrisha seli kuzaana bila kukoma. Protini hizo, kwa kuwa zimeharibika, hazisimami vizuri zenyewe. Kungwi wa 90 huzishikilia. Mfano ni HER2, ambayo katika baadhi ya saratani za titi huzidi mno. Kungwi akiondolewa, HER2 huvunjwa upesi. Kwa hiyo yule anayewalinda wema ndani ya seli anawalinda na majambazi pia.

Tatu, na hili ndilo linalohusu dawa moja kwa moja. Dawa nyingi za saratani, na mionzi pia, haziiui seli kwa mkono wao. Huijeruhi, hasa katika uzi wa urithi. Seli yenyewe, ikiona jeraha halitibiki, hujiua kwa utaratibu maalumu ili isiwaharibie wenzake. Katika vyumba vyake vya nishati hutoka protini iitwayo saitokromu C, ikaungana na nyingine iitwayo Apaf-1, zikaunda mtambo unaowasha vimeng'enya vya kuivunjavunja seli. Sasa kungwi wa 27 huweza kuikamata saitokromu C njiani, na wa 70 huweza kuuzuia mtambo usiundike. Amri ya kufa imetolewa, lakini haifiki. Katika maabara, seli za saratani ya titi zilizotengenezwa ziwe na kungwi wa 27 kwa wingi zilionekana kuivumilia dokisorubisini, ile dawa nyekundu. Hakuna aliyeupima uvimbe wa dada yangu kwa ajili ya protini hizo, na seli zake huenda zilikuwa na njia zaidi ya moja. Ninachosema ni kwamba njia zipo, zinajulikana, na hakuna hata moja inayopita katika kikapu cha maembe.

Nne, tiba yenyewe huwaamsha makungwi. Katika seli kuna swichi kuu, protini inayoitwa HSF1. Wakati wa utulivu makungwi wa 70 na wa 90 huishikilia isifanye kazi. Protini zikianza kuharibika, makungwi huiacha na kukimbilia kuokoa, nayo ikishaachiwa huingia kwenye jeni na kuamrisha makungwi wengi zaidi watengenezwe. Mwaka 1975 watafiti Gerner na Schneider walionyesha kwamba seli za saratani zilizopashwa joto, zikapumzishwa, kisha zikapashwa tena, zilivumilia joto la pili kuliko la kwanza. Ndiyo sababu madaktari wanaotumia joto kuisaidia mionzi huacha siku kadhaa kati ya mara moja na nyingine, ili ngome ibomoke kwanza. Na mwaka 2007 Chengkai Dai, Luke Whitesell na Susan Lindquist, huko Marekani, walionyesha kwamba panya wasio na swichi hiyo walipopakwa kemikali ya kuleta saratani walipata uvimbe kwa nadra zaidi, na waliishi muda mrefu kuliko wenzao.

Mtauliza: kwa nini basi makungwi hao wasiuawe? Limejaribiwa, na habari yake ina mafunzo. Mwaka 1970 ilipatikana dawa iitwayo geldanamaisini, inayotokana na bakteria wa udongoni. Ilionekana kuizuia saratani maabarani, lakini haikujulikana inafanyaje. Mwaka 1994 ndipo ilipoonyeshwa kwamba inamkamata kungwi wa 90. Matumaini yakawa makubwa. Lakini dawa hiyo ilidhuru ini mno. Zikatengenezwa nyingine za kumkamata kungwi huyo huyo, zikajaribiwa kwa wagonjwa, nyingi hazikufika mbali. Mwaka 2015 jaribio kubwa la mojawapo katika saratani ya mapafu lilisimamishwa kwa kuwa wagonjwa hawakupata nafuu zaidi ya waliopewa dawa ya kawaida peke yake. Sababu mojawapo mnaweza kuibashiri ninyi wenyewe kutokana na niliyoyasema juu ya swichi. Ukimfunga kungwi wa 90, swichi huachiwa, na swichi ikiachiwa, kungwi wa 70 na wa 27 huongezeka. Umemfunga mmoja, amewaita ndugu zake. Hata hivyo kazi haikukatishwa. Mwaka 2022 Japani iliidhinisha dawa ya kumzuia kungwi wa 90, pimitespibu, kwa aina moja ya uvimbe wa tumbo na matumbo ambao umeshindikana kwa dawa nyingine. Kutoka mwaka 1970 hadi 2022 ni miaka 52. Sayansi ndivyo ilivyo, haina haraka, na vijana mliokaa hapa mbele ndio mtakaoipokea.

Sasa nigeukie yanayotuhusu sisi tusio na maabara.

La kwanza ni kwamba adui huyu hushindwa kwa urahisi akiwa mchache. Seli chache zina namna chache za kujikinga. Aibu aliyokuwa nayo dada yangu kwa miezi ile ilikuwa zawadi kwa uvimbe. Vijana, ninyi mna mama na dada. Mwambieni mwenye uvimbe, au mwenye kutokwa na damu isiyo ya kawaida, aende hospitali mapema, na mkiweza mfuatane naye. Katika nchi yetu saratani inayowapata wanawake kuliko zote ni ya mlango wa kizazi, na hiyo ina kinga. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Kijana akisikia mdogo wake anazuiwa kuchanjwa kwa maneno ya barazani, asikae kimya kama nilivyokaa mimi.

La pili ni kumaliza dawa. Uvimbe kupungua si uvimbe kuisha. Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, ambao leo hubeba jina lake. Katika miaka ya 1960 watoto hao walipopewa dawa, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache tu, hata wazazi wakadhani kazi imekwisha. Wengine walipona kabisa. Kwa wengine ulirudi. Tangu hapo madaktari wakajifunza kuchanganya dawa, kama tufanyavyo kwa kifua kikuu na kwa malaria, kwa sababu seli iliyojikinga na dawa moja huenda haikujikinga na nyingine. Mchanganyiko huo una mizunguko yake na tarehe zake. Anayeacha katikati kwa sababu amejisikia vizuri anawapa waliobaki nafasi ya kujiandaa.

La tatu ni kuhusu lawama. Ugonjwa ukirudi, msimtafute mchawi, wala msimlaumu mgonjwa kwamba hakuomba vya kutosha au hakuwa na moyo. Wala msiseme daktari alidanganya aliposema vipimo ni vizuri, maana vilikuwa vizuri kwa kadiri chombo kinavyoweza kuona. Dada yangu alitumia dawa zake zote, hakukosa hata siku moja. Seli zake zilifanya kile ambacho seli zote hufanya katika shida, nacho ni kujitahidi kuishi.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa shangazi yangu. Mwaka juzi nilikwenda kwa wajomba zake. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Amezeeka, lakini macho bado anayo. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamweleza yote niliyowaeleza leo, kwa maneno mepesi zaidi, tangu yai mpaka makungwi. Alisikiliza bila kunikatiza. Habari ya makungwi ilimchekesha, maana yeye mwenyewe alikuwa kungwi katika ujana wake. Nilipomaliza aliendelea kusuka kwa muda, kisha akaniuliza: "Haya yote uliyajua siku ile ya kikao?"

Nikamwambia, si yote. Lakini niliyajua ya kutosha kusema kwamba ugonjwa huweza kurudi wenyewe.

Akasema, "Basi ungalisema siku ile, mwanangu."

Hakunigombeza. Alinipikia chai. Nimemwomba arudi nyumbani, na chumba chake nimekiezeka upya. Bado hajakubali. Mwezi uliopita niliitisha kikao cha ukoo na kuyasema haya mbele ya wazee waliobaki. Wawili walinielewa, mmoja aliondoka kabla sijamaliza. Nitaitisha kingine.

Vijana, shule hii itawapa elimu, na wengine mtafika mbali kuliko mimi. Siku moja, katika kikao ambacho hakihusiani kabisa na mtihani, mzee atawageukia na kuwauliza, nanyi mnasemaje? Nawaomba mjibu. Mkijua nusu, semeni hiyo nusu.

Mwalimu wetu wa yai amestaafu, lakini nimeambiwa yumo ukumbini leo, safu ya nyuma. Mwalimu, shikamoo. Nimechelewa kuleta kazi yangu ya nyumbani. (Makofi.)